Mwavuli si sketi ya solo: kisa cha miavuli sita ya Rau

Ilikuwa mwezi wa pili, Moshi inaungua na kila mtu anahesabu wiki za kuifikia masika, nilipoitwa Rau, humo humo Moshi, mimi fundi wa nguo, kusuluhisha ugomvi wa miavuli. Si ile ya kubebwa mkononi. Ni ile mikubwa ya kusimikwa katikati ya meza, yenye mbavu nane, sita kwa idadi, mali ya mama mmoja anayeuza chakula cha mchana na kahawa bustanini kwake. Vyuma vilikuwa vizima. Nguo ndiyo iliyokuwa imekwisha. Jua lilikuwa limeila mpaka ukiibana kwa vidole viwili inatoboka. Mama akanunua turubai jepesi la poliesta, upana sentimita 150, mita 24, akamkabidhi fundi wa mjini aivalishe miavuli yake upya.

Fundi mwenyewe si mbabaishaji. Anakaa kwenye baraza ya duka karibu na Soko la Kati, cherehani yake iko pale kwa zaidi ya miaka 20, na magauni yake ya solo, yale yanayotanuka chini, ya vipande nane, yamecheza harusi nyingi za mji huu. Nalitaja hili mapema kwa sababu ujuzi huo ndio uliomponza.

Mwavuli wa kwanza ulipoletwa kujaribiwa, vyuma vilifunguka vizuri na pini ikaingia kwenye tundu lake. Pindo la chini lilikaa sawa. Ajabu ilikuwa juu: nguo haikutaka kulala kwenye mbavu, ilisimama mbali na kitovu kama kofia isiyoingia kichwani. Fundi akaivuta chini, akaifunga kwa skrubu ya kileleni, na ile ziada ikashuka ikajikunja katikati ya mteremko. Usiku yakapita manyunyu. Asubuhi maji yalikuwa yametuama kwenye mikunjo.

"Fundi, huu ni mwavuli au chandarua?" Mama akauliza.

Fundi akarudi barazani kwake na aibu yake. Kwa mwavuli wa pili akapunguza sentimita 8 chini ya kila kipande kabla ya kukunja upindo, ili nguo ikaze. Ikakaza kweli. Ilikaza hadi mwavuli ukakataa kufunguka: ile bangili inayopanda mlingotini iligoma shubiri nzima chini ya tundu la pini. Kijana wa bustani akaisukuma kwa nguvu zake zote, kifuko cha nguo kinachoshika ncha ya ubavu kikang'oka na ubavu mmoja ukapinda. Mama akazuia pesa iliyobaki.

Nilipofika, kila mtu alikuwa na mshtakiwa wake. Fundi alisema kitambaa kimerudi baada ya kulowa. Mchomeleaji mmoja wa Majengo, aliyekuja kunyoosha ule ubavu, alisema fremu zimechoka, mbavu zimelala. Mama alisema cherehani ya fundi ni ya nguo za watoto, haiwezi turubai. Mimi nilichokuwa nakitazama ni jambo moja lisiloeleweka kwa haraka: miavuli hii miwili ilikatwa siku moja, kutoka rundo moja, kwa mkasi mmoja. Mmoja nguo ilikuwa nyingi, mwingine nguo ilikuwa haba. Kitambaa kilichorudi kinarudi chote, na fremu iliyochoka haichagui.

Nilianza na kitambaa kwa sababu ndiyo rahisi. Nikakata kipande cha sentimita 50 kwa 50 kwenye mabaki, nikakiloweka kwenye ndoo, nikakianika. Kikakauka kikiwa 50 kwa 50. Ingekuwa pamba ningemwelewa fundi. Turubai la pamba usipoliloweka kabla ya kulikata litakuadhiri. Poliesta hii haikuwa na kosa.

Kisha fremu. Nikaufungua mmoja usio na nguo, nikaweka pini, nikapima kutoka ncha ya ubavu hadi ncha ya jirani yake, nafasi zote nane. Hapa watu wengi hupima nafasi moja na kuzidisha kwa nane. Mbavu zisizo na nguo huchezacheza kwenye bawaba zake, kwa hiyo nafasi moja inaweza kukudanganya. Ndogo kabisa ilikuwa sentimita 90, kubwa 94, jumla yake 735. Gawa kwa nane, unapata 92 kasoro kidogo. Urefu wa ubavu kutoka kitovuni hadi nchani ulikuwa 130 kwa mbavu zote. Kutoka mlingotini hadi usawa wa ncha, kwa mlalo, 120. Fremu ilikuwa nzima, na mchomeleaji akakubali bila ubishi, akajiondokea na pikipiki yake.

Mishono sikuhangaika nayo sana. Ilikuwa imenyooka, posho, yaani nguo ya ziada ya mshono, sentimita moja na nusu kila upande, kama ungeitegemea kwa mtu wa miaka 20 kazini.

Ndipo nikaomba kipande kimoja kati ya vile ambavyo havijashonwa. Nikakitandaza mezani, nikapima ndani ya alama za mshono. Chini, sentimita 92. Safi kabisa. Katikati, kutoka kilele hadi chini, 130. Pembeni, pale mshono unapopita, 138.

"Fundi, hii 130 uliipima wapi?"

"Kwenye ubavu, mzee. Kutoka kitovuni hadi nchani. Niliipima mara mbili."

"Ukaiweka wapi kwenye kitambaa?"

Akapitisha kidole katikati ya kipande, kutoka juu hadi chini. "Hapa. Kama sketi."

Nilinyamaza kidogo maana sikutaka kumwumbua mbele ya Mama, na pia kwa sababu miaka mingi nyuma mimi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo na hakuna aliyeniambia. Nilitupa kitambaa tu na kudhani nina mkosi.

Sketi ya vipande nane hupimwa urefu popote unapotaka. Ukiuweka katikati ya kipande, pembe zitazidi. Unamvalisha mteja, unamwambia asimame wima, unasawazisha upindo kwa chaki, basi. Nguo inaning'inia. Hakuna kinachoishika isipokuwa kiuno. Mwavuli hauning'inii, unavutwa. Umeshikwa kileleni na umeshikwa kwenye ncha nane, na kati ya kilele na ncha unapita ubavu wa chuma usiojua huruma. Ubavu huo haupiti katikati ya kipande. Unapita chini ya mshono. Kwa hiyo 130 ya ubavu ni mali ya pembeni, na katikati ya kipande huachwa ipate inachopata, ambacho kwa mwavuli huu ni kama sentimita 121 na nusu.

Kosa la sentimita 8 na nusu kwenye kimo linaonekana dogo kwa kitu chenye upana wa mita 2.4. Tatizo ni kwamba linabadilisha pembe. Kipande cha fundi kilikuwa kimechongoka kuliko kinavyotakiwa, na vipande nane vilivyochongoka ukivishona pamoja vinafanya umbo la pia, lile la kofia iliyochongoka, refu na jembamba zaidi ya lile la fremu. Nikapiga hesabu pale pale nyuma ya daftari la oda: mteremko wa 138 juu ya duara lenye nusu kipenyo 120 unataka kilele kiwe sentimita 68 juu ya usawa wa ncha. Kilele cha fremu kiko 50. Ndiyo ile kofia isiyoingia kichwani. Ilitaka kusimama sentimita 18 juu ya chuma, na skrubu ikailazimisha kushuka.

Na mwavuli wa pili? Fundi aliona nguo nyingi akapunguza mahali panapopungukia. Alipotoa zile 8 chini, pembeni pakawa 130 kama ubavu, sawa, lakini kipande chembamba ukikikata chini unazidi kukifanya chembamba: 92 ikawa chini ya 87. Mara nane, mzunguko uliotakiwa kuwa 735 ukabaki kama 694. Upungufu wa sentimita 40 na zaidi hauvutiki kwa kusukuma bangili. Kijana mmoja aliyekuwa akitusikiliza akapendekeza tuongeze kipande cha tisa. Ubavu wa tisa tungeutoa wapi hakusema.

Hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa, na lilifanyika kabla mkasi haujaguswa. Lakini nilipopanga vipande nane vya mwavuli wa tatu kimoja juu ya kingine, nikaona jingine ambalo limetoka mkononi. Havikulingana. Kilele cha kipande cha juu na kilele cha kipande cha chini kilipishana zaidi ya sentimita moja, na ukitazama nyuzi za kitambaa, kwenye vile vya chini zilikuwa zimekwenda upande.

Hapa Mama naye ana sehemu yake. Fundi alitaka akate mwavuli mmoja kwanza, aushone, aujaribu, ndipo akate mingine. Mama alikataa. Alitaka vipande vyote 48 vikatwe mbele ya macho yake alasiri moja, halafu abaki na mabaki yake, kwa sababu mafundi wa nguo tunajulikana kwa mabaki. Sina la kujitetea kwa niaba ya wenzangu. Ila haraka hiyo ilimfanya fundi akunje turubai likawa tabaka nne na kuzikata zote pamoja kwa mkasi.

Mkasi, hata ukiwa mkali, hunyanyua kitambaa. Taya la chini linapita kati ya meza na nguo, na kila linaponyanyua, tabaka za chini huteleza kidogo kuelekea mkononi mwako. Unaiona alama ya chaki ikifuatwa vizuri juu na unaridhika. Chini huko mambo ni mengine. Poliesta ina utelezi kuliko pamba, kwa hiyo huteleza zaidi. Kwenye gauni nusu sentimita humezwa na posho. Kwenye mwavuli wa vipande nane kuna kingo 16 zinazokutana, na nusu sentimita kila ukingo ni 8 nzima kwenye mzunguko. Ndiyo maana karakana za zamani za miavuli hazikuupenda mkasi. Mkataji alikuwa na pateni ya mbao, kipande kimoja kigumu chenye umbo lote pamoja na posho, akailaza juu ya kitambaa kilichovutwa na kutulia mezani, akapitisha kisu chenye makali kufuata ukingo wa mbao. Kisu hakinyanyui. Mwaka 1852 Samuel Fox wa Stocksbridge, Uingereza, alipoleta mbavu za chuma chembamba zenye mfereji badala ya zile nzito za awali, fremu zikawa nyepesi na za kupinda, lakini nguo iliendelea kukatwa kwa pateni na kisu, maana ubavu mwepesi hupindishwa na nguo yenyewe, na nguo isiyo sawa huupindisha kombo.

Kwa miavuli ya mkononi, kwa njia, kingo za kipande hazinyooki kabisa. Huwa na tumbo dogo kufuata mpindo wa ubavu. Hii ya meza ina mbavu ngumu zilizonyooka, kwa hiyo kingo zinakatwa kwa rula. Nashukuru ilikuwa hivyo. Kumfundisha mtu tumbo la mwavuli kwa alasiri moja ni kazi nyingine.

Habari njema nikawapa wote wawili kwa pamoja: kipande kilichokatwa kwa kosa la fundi ni kikubwa kuliko kile sahihi. Ukivilaza chini kwa chini, 92 juu ya 92, kipande sahihi kinaingia chote ndani ya kile cha zamani na kubaki nafasi kileleni na pembeni. Vingeokolewa vipande 40. Vile nane vya mwavuli wa pili, vilivyopunguzwa chini, ndivyo vilivyokwenda.

Tulifanya kazi barazani kwa fundi siku mbili, yeye, mwanafunzi wake na mimi. Pateni tuliitoa kwenye hadibodi. Msumari mmoja kileleni, kamba yenye chaki kwa sentimita 130, ukachora mviringo mfupi; juu ya mviringo huo ukaweka alama mbili zilizoachana 92, ukaziunganisha na msumari kwa mistari iliyonyooka. Fundi akataka kuufuata mviringo kwa chini, maana solo ndivyo inavyokatwa, chini ina tumbo. Nikamzuia. Upindo wa mwavuli huingia ndani: tuliunganisha zile alama mbili kwa mstari, kisha katikati ya mstari tukapanda sentimita 2 na kuchora upinde mwepesi. Upindo uliokatwa hivyo hukaa kimya upepo ukipita. Ulionyooka hupigapiga mchana kutwa kama bendera, na wateja wanalalamika. Mafundi wa matanga kule pwani wanaijua siri hii tangu zamani, maana ukingo wa tanga usiokatwa vizuri hupiga kelele njia nzima.

Kila ukingo wa pembeni tukaupunguzia milimita 2 tena. Nguo ya mwavuli inatakiwa iwe ndogo kidogo kuliko chuma chake, ili chuma kiitanue. Milimita 2 mara kingo 16 ni sentimita 3 na kidogo kwenye mzunguko wa 735, na kwa kitambaa hiki niliona zinatosha. Kitambaa kinachovutika zaidi kingetaka kupunguzwa zaidi. Hiyo hupimi kwa rula. Unaivuta nguo kwa mikono miwili na kuisikiliza.

Tukakata tabaka mbili tu kwa wakati mmoja, juu ya ubao, hadibodi juu na pasi mbili za mkaa zilizopoa kama vizito, kisu kikapita. Mwanafunzi alikuwa na kazi moja, kuhakikisha uzi wa mshindio, ule unaokwenda kwa upana wa jora, unapita katikati ya kila kipande kutoka kilele hadi chini. Turubai hili lilikuwa limepangwa vizuri tangu mwanzo, nampa fundi haki yake: pindo za vipande zikifuata urefu wa jora, kimoja kichwa juu, kingine kichwa chini, kwa hiyo kila kipande kimekula nusu ya upana wake tu wa jora. Kwa posho zote, kipande chenye chini ya sentimita 95, vipande 48 huingia kwenye mita 23 na theluthi hivi. Angeviweka pindo kwa upana wa jora, viwili kila safu, ingehitajika zaidi ya mita 30. Kichwani fundi ana hesabu nzuri kuliko watu wengi waliosoma.

Kwa nini uzi uwe katikati? Kingo mbili za kipande zinakwenda digrii kama 21 mbali na uzi wa katikati, kila moja upande wake, kwa hiyo zote mbili huvutika kidogo na huvutika sawa. Uzi ukienda upande, ukingo mmoja unakaribia kuufuata uzi na kuwa mgumu, mwingine unakaribia mshazari na kuwa mlegevu. Mshono unaunganisha mgumu wa jirani huyu na mlegevu wa jirani yule, mara nane, na mwavuli mzima unazunguka mlingotini kama unataka kusokotwa. Kwa sababu hiyo hiyo vipande vilivyokwisha kukatwa tulivilaza, hatukuvitundika. Kingo za mshazari zikitundikwa usiku mmoja zinarefuka kwa uzito wake zenyewe.

Kushona tulianzia pindoni kwenda juu. Kama kuna tofauti ya milimita chache, iishie kileleni ambako kofia ya mwavuli itaifunika. Fundi alipenda hilo.

Kuhusu pesa, niliamua hivi, na wote walikubali ingawa hakuna aliyefurahi. Kazi ya kufumua na kukata upya ni ya fundi, hakuna malipo ya nyongeza. Ubavu uliopinda ni wa Mama, kwa sababu kijana wake ndiye aliyeulazimisha. Kitambaa cha mwavuli wa sita, mita 4.3, wagawane nusu kwa nusu: fundi alikata vibaya, Mama alimnyima mwavuli wa majaribio. Kama angemruhusu akate vipande nane tu kwanza, kosa lingejulikana siku hiyo hiyo na likaishia hapo. Mama aliguna. "Mzee, na mabaki je?" Nikamwambia mabaki tumeyashonea vifuko vya ncha, ahesabu mwenyewe, viko 48.

Jora la kwanza lilikuwa limekwisha dukani. Mwavuli wa sita ukavalishwa turubai jeupe zaidi, ukasimikwa karibu na mlango wa jiko ambako hakuna anayeulinganisha na mingine.

Masika ilipoanza nilipita Rau kunywa kahawa. Mitano ilikuwa imekaza vizuri, maji yanateremka kwenye mbavu na kudondoka nchani. Wa tatu umejisokota kidogo, kama upana wa kidole kutoka kileleni hadi pindoni. Vile vipande vya tabaka za chini tulivikata upya kwa umbo, lakini ukingo wa chini tuliouanzia ulikuwa tayari umekwenda kombo na uzi, na pateni haiwezi kuurudisha uzi. Mama hajauona. Fundi ameuona, maana kila akija kunywa chai hapo hukaa kwenye meza ya mwavuli huo, anaegemea kiti, anautazama kwa chini.